Mechi 73: Je, Rekodi ya Golden State Itavunjwa?

Haya wadau, leo naomba tuache kidogo habari za bumu na foleni ya mgahawani, tuongee historia. Tena historia ya kikapu. Wiki nzima hii ubishi pale kimbwetani umekuwa mmoja tu: je, ipo timu ya NBA itakayovunja rekodi ya Golden State Warriors ya kushinda mechi 73 katika msimu wa kawaida? Kuna wanaosema haiwezekani tena, mlango umeshafungwa. Kuna wanaosema Oklahoma City Thunder wako njiani. Mimi nikawaambia jamani, swali hili mnalijibu kama washabiki, hebu tulijibu kama watu wa Historia: nani aliweka rekodi, alikuwa na nini, na ilimgharimu nini? Wakaniambia basi nenda kaandike. Ndiyo haya.

Kwanza tuelewane kwa wale wasiofuatilia. NBA ina sehemu mbili. Ya kwanza ni msimu wa kawaida, mechi 82 kwa kila timu, kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Ya pili ni mtoano: timu 16 zinapambana mbili mbili, anayewahi kushinda mechi nne kati ya saba anasonga mbele, mpaka bingwa apatikane mwezi Juni. Kombe na pete anapewa huyo wa Juni. Kwa lugha yetu ya chuo, msimu wa kawaida ni majaribio na kazi za semina, na mtoano ni UE. Tofauti ni moja tu ila ni kubwa: sisi zile alama za muhula zinajumlishwa na za UE, kule hazijumlishwi. Uwe umeshinda 73 au 45, mkiingia mtoano wote mnaanza sifuri. Faida yako ni kupangiwa mpinzani dhaifu mwanzoni na kucheza mechi moja zaidi nyumbani ikibidi kufika ya saba. Shikeni hapo, maana ndipo ubishi wote ulipolala.

Sasa hesabu. Warriors walimaliza msimu wa 2015/16 wakiwa wameshinda 73 na kupoteza 9. Anayetaka kuvunja rekodi lazima ashinde 74, yaani asipoteze zaidi ya 8. Msimu ule ulianza tarehe 27 Oktoba 2015 ukaisha tarehe 13 Aprili 2016, jumla siku 170. Ukigawanya utaona vipigo 8 ndani ya siku 170 ni kipigo kimoja kwa kila wiki tatu hivi. Wiki tatu ambazo ndani yake umecheza karibu mechi kumi, nusu yake ugenini, unapanda ndege usiku, unafika mji mwingine alfajiri, jioni unaingia uwanjani tena. Mtu anaumwa mafua, mwingine kateguka kifundo cha mguu, refa kaamka vibaya. Na bado hutakiwi kupoteza. Si mchezo.

Historia yenyewe inaanzia mbali. Msimu wa kwanza kabisa wa ligi hiyo, 1946/47, kabla hata haijaitwa NBA, Washington Capitols chini ya kocha kijana Red Auerbach walishinda mechi 49 na kupoteza 11. Hiyo ni asilimia 81.7, na kwa miaka mingi iliyofuata hakuna aliyeifikia. Halafu ikawaje? Wakatolewa na Chicago Stags kwenye mtoano. Yaani timu ya kwanza kutisha katika msimu wa kawaida iliondoka bila kombe. Hadithi tunayodhani ilianza mwaka 2016 ina umri mkubwa kuliko babu zetu wengi, teh teh teh!

Mechi 82 zilianza msimu wa 1967/68, na kuanzia hapo ndipo tunaweza kulinganisha vizuri. Mwaka mmoja kabla yake, Philadelphia 76ers ya Wilt Chamberlain ilishinda 68 katika mechi 81 na ikachukua ubingwa. Miaka mitano baadaye Wilt huyo huyo, sasa ana miaka 35, alikuwa Los Angeles Lakers pamoja na Jerry West. Hawa Lakers wa 1971/72 ndio nataka tuanze nao vizuri.

Jerry West alikuwa ameshafika fainali mara saba na kushindwa mara zote saba: 1962, 1963, 1965, 1966, 1968, 1969 na 1970. Hebu fikiria mtu anarudia somo lile lile mara saba na bado jina halimo. Mwenzake Elgin Baylor, aliyeshindwa naye miaka mingi, magoti yalimgomea, akastaafu msimu ukiwa umeanza tu. Mechi iliyofuata, tarehe 5 Novemba 1971, Lakers wakashinda. Wakashinda na inayofuata. Hawakupoteza tena mpaka tarehe 9 Januari 1972, mechi 33 mfululizo, rekodi ambayo mpaka leo imesimama. Kocha Bill Sharman aliwazoesha kufanya mazoezi mepesi asubuhi ya siku ya mechi, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida na ambalo sasa kila timu inalifanya. Wilt, ambaye hakuwa mtu wa kuamka mapema, alikubali. Sharman alipaza sauti msimu ule mpaka koo likaharibika. Mwisho wa siku, mechi 69 kwa 13, na kwenye fainali wakawafunga New York Knicks 4-1. West akapata pete yake ya kwanza, na ndiyo ikawa ya mwisho akiwa mchezaji.

Rekodi hiyo ya 69 ilikaa miaka 24. Boston Celtics walikaribia mwaka uliofuata tu, 68 kwa 14, lakini John Havlicek akaumia bega kwenye mtoano, Knicks wakawatoa. Boston wa Larry Bird mwaka 1985/86 wakafika 67 na ubingwa juu. Watu wakaanza kusema 70 haiwezekani. (Hayo maneno ya haiwezekani mnayakumbuka eeh?)

Halafu akaja Michael Jordan, tena Jordan mwenye hasira. Alikuwa ameshachukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1991, 1992 na 1993, akaacha kikapu akaenda kucheza besiboli, akarudi Machi 1995. Mtoano wa mwaka huo Orlando Magic wakawatoa Chicago Bulls, na Jordan mwenyewe akanyang'anywa mpira katika sekunde za mwisho za mechi ya kwanza ya mpambano ule. Watu wakasema mzee kaisha. Basi ule msimu wa likizo akafanya mazoezi kama kijana anayetafuta ajira. Oktoba Bulls wakamleta Dennis Rodman, bingwa wa kudaka mipira inayorudi kutoka kwenye ringi. Scottie Pippen yupo, Toni Kukoc yupo, kocha ni Phil Jackson, na kwenye benchi kuna mtupaji mmoja mtulivu anaitwa Steve Kerr. Huyu Kerr mshikeni vizuri, tutamhitaji.

Bulls walianza 41-3. Jordan alicheza mechi zote 82 akiwa na miaka 32 na 33, wastani wa pointi 30.4. Ushindi wa 70 waliupata Milwaukee tarehe 16 Aprili 1996, 86-80, mechi mbaya ya kutazama lakini historia ikaandikwa. Wakamaliza 72 kwa 10. Na katika hivyo vipigo kumi, kimoja walikipata kwa pointi moja kutoka Toronto Raptors, timu iliyokuwa na msimu wake wa kwanza kabisa kwenye ligi. Ndiyo maana nasema hii rekodi haikuhukumu mbele ya wakubwa tu. Unaweza kuanguka kwa mtoto usiku wa Machi umechoka. Kwenye fainali wakawafunga Seattle SuperSonics 4-2. Wakati wote ule mwenzao Ron Harper alikuwa akiwakumbusha kwamba 72 bila pete haina maana. Kauli hiyo iliingia vichwani mwa watu ikabaki.

Rekodi ya 72 nayo ikakaa miaka 20. Tukaja kwa Warriors.

Hapa sisi Watanzania tuna kipande chetu kidogo. Mwaka 2009 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, wa pili kuchaguliwa alikuwa kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, akaenda Memphis Grizzlies. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Wa saba kuchaguliwa siku hiyo hiyo alikuwa Stephen Curry, mwembamba, vifundo vya miguu dhaifu, akaenda Golden State, timu iliyokuwa haina jina kubwa wakati huo. Siku ile hakuna aliyejua kwamba huyu wa saba ndiye angebadilisha mchezo wenyewe. Historia ina utani wake.

Mwaka 2015 Warriors, chini ya Steve Kerr (ndiye yule yule!), walishinda 67 na ubingwa. Lakini maneno hayakuisha. Wakaambiwa wamebahatika, kwamba Cleveland walicheza fainali bila Kevin Love, na baada ya mechi ya kwanza bila Kyrie Irving pia, wote majeruhi. Msimu uliofuata ukaanza na Kerr hayupo, mgongo aliofanyiwa upasuaji ulimletea matatizo makubwa. Msaidizi wake Luke Walton akashika timu kwa mechi 43, akashinda 39. Walianza 24-0, mwanzo bora kuliko wowote katika ligi hiyo, mpaka walipopigwa Milwaukee tarehe 12 Desemba 2015. (Milwaukee tena! Ndio pia waliokata zile 33 za Lakers.) Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kufika hata 300. Usiku mmoja wa Februari pale Oklahoma City alitupa kutoka mbali kabisa, karibu na katikati ya uwanja, muda wa nyongeza ukiwa unaisha, wakashinda 121-118.

Na bado walipigwa na Los Angeles Lakers mwezi Machi, Lakers waliomaliza msimu na ushindi 17 tu. Mnaona?

Zilipobaki mechi chache, swali likaja: tupumzishe watu au tuifuate rekodi? Kerr alikuwa na wasiwasi kuhusu uchovu, lakini wachezaji walitaka kuendelea, naye akawaachia. Tarehe 10 Aprili wakashinda San Antonio, uwanja ambao hawakuwa wameshinda mechi ya msimu wa kawaida tangu 1997, na ambako Spurs walikuwa hawajafungwa msimu mzima. Tarehe 13 Aprili wakawafunga Memphis 125-104. Huku kwetu ilikuwa tayari tarehe 14, mechi imeanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Msimu mzima hawakuwahi kupoteza mechi mbili mfululizo, na hakuna timu iliyowafunga mara mbili.

Halafu Juni. Wanaongoza fainali 3-1 dhidi ya Cleveland, hakuna timu iliyowahi kutoka 3-1 kwenye fainali ikachukua kombe. Cleveland wakatoka. Mechi ya saba, 93-89, pale pale Oakland. Kwa lugha ya chuo, walipata A kwenye kila jaribio, kisha wakala sapu kwenye UE.

Kuanzia siku hiyo, jibu la ulimwengu wa kikapu likawa moja: rekodi iliwamaliza. Walijichosha kwa sifa. Na hapa ndipo natofautiana na wengi, wadau.

Mwalimu wangu wa Historia hupenda kutukumbusha kwamba jambo likitokea baada ya jingine haimaanishi limesababishwa na jingine. Hebu tuangalie ushahidi. Lakers wa 1972 waliweka rekodi wakachukua kombe. Bulls wa 1996 wakaweka rekodi wakachukua kombe. Warriors wenyewe waliongoza 3-1 na wakapoteza mechi ya mwisho kwa pointi nne. Curry aliteleza akaumia goti kwenye mtoano, dhidi ya Houston, si kwenye mbio za rekodi. Draymond Green alifungiwa mechi ya tano ya fainali. Andrew Bogut akaumia goti mechi hiyo hiyo. Kabla ya fainali walikuwa wametoka 1-3 nyuma dhidi ya Oklahoma City, mpambano mgumu wa mechi saba. Na upande wa pili alikuwepo LeBron James. Uchovu unaweza kuwa na sehemu yake, sikatai. Lakini kusema ndio uliowaua ni kurahisisha mambo. Ukijumlisha msimu na mtoano, Warriors walishinda mechi 88 mwaka ule, moja zaidi ya Bulls. Timu iliyoishiwa pumzi haishindi 88.

Lakini haijalishi mimi naamini nini. Timu ziliamini ile hadithi, na watu hutenda kwa kile wanachoamini. Hapo ndipo naona jibu la swali letu.

Maana ukiangalia uwezo peke yake, rekodi ingeshakuwa hatarini. Chukua wastani wa pointi ambazo timu inawazidi wapinzani kwa mechi. Lakers wa 1972 walikuwa 12.3. Bulls wa 1996 walikuwa 12.2. Warriors wa 73 walikuwa 10.8 tu! Oklahoma City Thunder wa 2024/25 walifika 12.9, wastani mkubwa kuliko wowote katika historia ya ligi. Yaani kwa kipimo hicho Thunder waliwazidi watu zaidi ya hata Warriors. Walishinda mechi ngapi? 68. Wakachukua na ubingwa kwa kuwafunga Indiana Pacers katika mechi ya saba. Na hiyo 68 waliipata huku mchezaji wao mrefu Chet Holmgren akivunjika nyonga mapema na kucheza mechi 32 tu.

Sasa mbona anayewazidi watu kwa 12.9 ashinde 68, na wa 10.8 ashinde 73? Sehemu moja ni bahati, mechi za kukaribiana zinaweza kuangukia upande wowote. Lakini sehemu nyingine ni kukataa. Warriors wa 2016 walikataa kupoteza mechi za kawaida. Usiku wa Jumanne wa Februari ambao haubadilishi chochote, wao waliucheza kama deni.

Siku hizi deni hilo halipo. Desturi ya kupumzisha nyota ilikua taratibu. Novemba 2012 Spurs walitozwa faini ya dola 250,000 kwa kuwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginobili kabla ya mechi ya Miami, na badala ya faini kuizima desturi, ikaenea ligi nzima. Ikabidi kuanzia msimu wa 2023/24 ligi iweke sharti kwamba asiyecheza mechi 65 hawezi kupewa tuzo ya mchezaji bora. Fikiria: Jordan 82, Wilt 82, Curry 79. Leo 65 imekuwa kitu cha kuwekewa sheria! Na pesa nazo: kanuni za mishahara za mwaka 2023 zinaibana sana timu inayotaka kuweka nyota wengi pamoja kwa muda mrefu. Boston waliochukua ubingwa 2024 ilibidi mwaka uliofuata tu waachane na Jrue Holiday na Kristaps Porzingis ili kupunguza gharama. Kikosi cha kushinda 74 hakipewi muda wa kuiva.

Thunder walijaribu tena kututia matumaini. Msimu wa 2025/26 walianza 24-1. Kimbwetani watu wakaanza kuhesabu vidole. Halafu San Antonio Spurs wa Victor Wembanyama wakawafunga mara tatu ndani ya Desemba moja. Vipigo vitatu kati ya vinane vinavyoruhusiwa, kutoka kwa timu moja, kabla mwaka haujaisha. Hapo ndipo unaiheshimu ile sentensi ya kwamba hakuna aliyewafunga Warriors mara mbili.

Sasa jibu langu. Itavunjwa. Lakini haitavunjwa na timu nzuri tu, kwa sababu timu nzuri zimekuwepo na zimepita. Dallas Mavericks wa 2006/07 walishinda 67, wakatolewa raundi ya kwanza. Angalieni wale wawili wa mwisho waliovunja rekodi walikuwa nani. Jordan alikuwa bingwa aliyeambiwa kaisha. Curry alikuwa bingwa aliyeambiwa kabahatika. Wote walikuwa na pete mkononi, kwa hiyo hawakuwa na njaa ya kombe peke yake, na wote walikuwa na donda, kwa hiyo hawakuwa na shibe. Mabingwa waliodharauliwa. Ukitaka kujua nani atashinda 74, usitafute kikosi chenye nyota wengi. Tafuta bingwa aliyetukanwa, mwenye miguu michanga na benchi refu, halafu umwombee afya.

Naandika haya nikiwa mtu wa Elimu, na siwezi kujizuia kusema neno moja la nyongeza. Kwenye mazoezi ya kufundisha, swali nililoulizwa kuliko yote na wanafunzi halikuwa la Vita vya Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Lilikuwa "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Nikisema haitoki, kalamu zinalala. Siwalaumu. Tumewajengea mfumo ambao Februari haina thamani, Novemba ndiyo kila kitu. Ndicho kilichowakuta NBA: ukishamwambia mtu kwamba siku ya mwisho tu ndiyo inahesabika, siku nyingine zote atazipumzikia. Na atakuwa sahihi kwa hesabu.

Ila kuna mzazi aliyedunduliza akamnunulia mwanae tiketi ya mechi moja tu, ya Jumanne ya Februari. Kuna mwanafunzi ambaye kipindi kile kimoja kisichotoka kwenye mtihani ndicho kitakachomfanya apende Historia. Kwa mtu huyo, siku hiyo ndiyo fainali. Ndiyo maana 73 kwangu ina heshima hata bila pete. Ni ushahidi kwamba waliwahi kuwepo watu wazima, matajiri, wenye ubingwa tayari, waliokubali kuhesabu kila siku.

Mimi mwakani nikipangiwa shule, vyovyote itakavyokuwa mbali, mechi zangu za Februari nazicheza. Naomba kutoa hoja.